Malkia wa Wavunaji Hataki Kuchunguliwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Ujerumani aliniandikia akiuliza ni wapi anaweza kununua malkia wa Messor cephalotes, yule mdudu chungu mkubwa wa Afrika Mashariki avunaye mbegu, kwa kuwa malkia wake wawili wa spishi ndogo wamekufa na anaamini kwamba mwenye mwili mkubwa atastahimili zaidi. Nimeona nimjibu hapa, maana mimi pia nilianza kwa kosa lilelile, na swali lake limenigusa penye kidonda.

Nilizaliwa Gilgil, Kenya, wanakoishi chungu hao. Utotoni nilikuwa nikichuchumaa kando ya njia walizozisafisha chungu hao wenyewe katikati ya nyasi, nikiwatazama wakirudi nyumbani na mbegu vinywani, bila kujua kwamba jenasi yao, ambayo mwanasayansi wa Uswisi Auguste Forel aliielezea mwaka 1890 na ambayo jina lake kwa Kilatini ni mvunaji, imeenea Afrika, kusini mwa Ulaya na Asia, ikiwa na spishi zaidi ya 100. Hayo niliyajua nilipohamia Valencia, Hispania, ambako mvua ya Oktoba ikishanyesha malkia wa Messor barbarus huonekana wakitembea vijiani, mabawa wameshayaangusha.

Sisi wafugaji wa chungu huwapenda kwa sababu kundi lao huendesha kaya nzima mbele ya macho yako: kuna ghala la nafaka, kuna jalala la makapi, na kuna wafanyakazi wa kila kimo, kuanzia milimita 3 hadi zaidi ya sentimita 1, ambao wakubwa wao wenye vichwa vyekundu hupasua mbegu ngumu, kisha mbegu hizo hutafunwa pamoja na mate hadi ziwe kama mkate wa kulishia mabuu. Wangu nawapa ulezi na ufuta, na mara moja kwa wiki nawaongezea mdudu aliyekufa, kwa kuwa mabuu huhitaji protini.

Malkia wangu wa kwanza nilimuua mwenyewe. Nilimweka katika neli ya kioo yenye maji yaliyozuiwa kwa pamba, kama inavyopasa, lakini kila jioni nilimmulika kwa tochi ya simu ili nihesabu mayai. Siku ya tisa mayai yalikuwa yamepungua; siku ya kumi na mbili hapakuwa na hata moja, kwa kuwa alikuwa ameyala yote, na baadaye naye akafa. Niliumia kuliko nilivyotarajia, na hadi leo neli ile sijaitumia tena.

Wa pili nilimfunika kwa kitambaa, nikamfungia kabatini penye nyuzijoto 25 hivi, nikamwangalia mara moja tu kila baada ya wiki mbili. Sikumpa chakula, kwa sababu malkia wa jenasi hii hulea wanawe wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, hasa misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena. Wiki ya saba nilikuta wafanyakazi watano, wadogo na wenye rangi hafifu. Leo kundi hilo lina miaka minne, na nalionea fahari.

Ndiyo maana namwambia ndugu yangu: ukubwa wa malkia haukusaidii ukiwa huna subira. Mwache. Mfunike, umwache. Mbegu ziwe mahali pakavu, maji upande mwingine, na usimhamishie kwenye kiota kikubwa wakati wafanyakazi bado hawajafika hata ishirini.

Lakini huyo wa Gilgil usimnunue. Aprili 2025 malkia wapatao 5,000 walikamatwa Naivasha wakiwa ndani ya neli zenye pamba kama zetu, tayari kusafirishwa, na Mei mahakama ya Nairobi ikawatoza waliohusika faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Kila neli ilikuwa na kundi ambalo lingetawanya mbegu na kupenyeza hewa kwenye udongo wa nyumbani kwetu kwa miaka mingi, na tamaa iliyolipia safari ile ni yetu sisi wafugaji.

Amtafute barbarus, amweke kabatini, kisha aniandikie wiki ya nane. Kabla ya hapo asinitumie picha ya mayai.