Kabla hujafunga fundo: kwa mnaoanza kutafuta habari za njia za kupanda miamba

Vijana wangu, nimechoka kuwatazama. Kila nikifika chini ya mwamba nakuta wawili wamesimama, shingo zimepinda nyuma, simu moja katikati yao, wanabishana kama ufa wenyewe ni huu au ule pale. Kwenye simu kuna skrinishoti moja. Haina jina la kitabu wala mwaka, na mstari wa njia umekatwa juu kwa sababu aliyeituma alitaka picha ienee kwenye kioo. Wameitoa wapi? "Tulitumiwa." Na nani? "Na jamaa mmoja." Jamaa huyo amewahi kuipanda? Kimya.

Nawacheka kidogo, sikatai. Nguvu za vidole mmenizidi, na kuongoza, kupanda wa kwanza na kamba, mnajua. Lakini mtu anafanya mazoezi miezi kadhaa kwa ajili ya njia moja, halafu kuijua njia yenyewe anaipa dakika mbili akiwa anavaa viatu. Haya, chukueni niliyonayo. Mengine mtaona yanawahusu wenzenu tu. Someni hivyo hivyo.

1. Soma kurasa za mwanzo za kitabu cha mwongozo wa njia. Zile zisizo na picha. Hapo ndipo mwandishi anaeleza alama za topo, yaani mchoro wa njia, mfumo wa gredi za ugumu, urefu wa kamba aliokuwa akiufikiria alipoandika, na anaposema kushoto anamaanisha kushoto kwa nani. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Ilikuwa njia ya pichi sita, yaani vipande sita vinavyopandwa kimoja kimoja kwa kamba, gredi niliyoizoea kabisa. Kitabu kilikuwa cha mtu. Nikakiomba, nikapiga picha ukurasa wa topo, nikakirudisha kwa fahari ya mtu aliyemaliza maandalizi. Chini ya mchoro palikuwa na mstari mmoja wa maelezo ya kushuka: korongo la kushoto, kamba mbili. Yote mawili nikayaelewa nilivyotaka. "Kamba mbili" nikaamua ni kushuka kwa kamba mara mbili, kumbe ni kuunganisha kamba mbili. Sisi tulikuwa na moja ya mita 60, na ukiikunja kwenye nanga, pale inaposhikizwa mwambani, inakupa mita 30 tu, hesabu niliyokuwa nikiwafundisha wengine kwa sauti kubwa.

Kushoto ndiko kulikoniangamiza zaidi. Vitabu vingi vya milimani, vinapotaja korongo au barafu, huhesabu kushoto na kulia kwa mtu anayetazama bondeni, maji yanakoelekea. Vinapotaja njia ya ukutani, huhesabu kwa mtu aliyeutazama mwamba. Mimi nilifika juu bado na ile topo kichwani, na kushoto kwa topo kukawa kushoto kwa dunia nzima. Mwenzangu akauliza kama nina hakika. Nilimjibu kwa ukali kidogo, na ukali ule sasa najua ulikuwa dalili.

Tuliposhuka mara ya kwanza tukatua kwenye kibaraza chembamba, na pale ukutani palikuwa na kigingi chenye kutu na utepe uliopauka kwa jua. Nikafurahi! "Unaona? Ndiyo yenyewe." Tukavuta kamba. Vijana, utepe uliochakaa unathibitisha jambo moja tu: kwamba kuna mtu mwingine alikwama hapo kabla yako. Tukauongezea utepe wetu na nati mbili, vipande vya chuma vya kukwamisha ufani, mwenzangu akashuka, na baada ya muda nikasikia jina langu likiitwa kwa namna ambayo sikuipenda. Ncha za kamba zilikuwa zinaning'inia hewani na chini yake hapakuwa na kibaraza wala ufa. Tulikuwa tumezifunga mafundo, ndiyo maana naandika haya kwa utani. Akapanda kurudi kwa prusiki, vitanzi vinavyoishika kamba, polepole, akitukana kwa pumzi alizoweza kuzibakiza.

Giza likaingia tukiwa tumekaa bega kwa bega kwenye kibaraza kile. Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu. Usiku wa manane aliniuliza kwa upole kabisa: "Ile picha, huna ukurasa wa pili?" Asubuhi kikosi kingine kilifika juu, kikatusikia, kikatuteremshia kamba. Mmoja wao alikuwa na kitabu kile kile begini. Hakusema kitu. Alifungua ukurasa wa maelezo ya mwanzo, akaweka kidole chini ya sentensi ya kushoto na kulia, iliyopigwa chapa kwa herufi nzito, akanipa nisome. Kisha akatembea nasi kuteremka korongo la upande wa pili, na kila baada ya hatua chache kulikuwa na kirundo cha mawe cha kuonyesha njia.

Kwa hiyo: ukipiga picha, piga kurasa zote. Na maelezo ya kushuka yasome kwanza kabla ya maelezo ya kupanda, yasome kwa sauti, mwenzako ayarudie.

2. Tazama mwaka wa kuchapishwa, halafu jiulize ni nini mlimani kimebadilika tangu hapo. Mnadhani mwamba hauhami? Nguzo ya Bonatti kwenye Petit Dru, huko Chamonix, Ufaransa, Mwitaliano Walter Bonatti aliipanda peke yake mwaka 1955, na kwa miaka hamsini vitabu viliieleza vizuri. Mwaka 2005 sehemu kubwa ya nguzo ikaporomoka. Vitabu vya kabla ya hapo bado vinaieleza kwa uaminifu. Half Dome nayo, jabali kubwa kule Yosemite, Marekani, mwaka 2015 kipande cha mwamba kilidondoka kutoka kwenye njia ya kawaida ya uso wa kaskazini-magharibi, na topo zote za zamani zikabaki na pengo katikati.

Barafu ndiyo mbaya zaidi. Diamond Couloir, korongo la barafu la Mlima Kenya, ilipandwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Thumbi Mathenge, na kwa muda mrefu ilihesabiwa miongoni mwa njia za barafu maarufu duniani. Barafu ile imepungua sana, hasa chini. Anayekwenda na maelezo ya enzi zile ajiandae kukuta mwamba mtupu pale kitabu kinapomwambia apige shoka.

Tukiwa bado mlima huo: sura ya misimu msiiruke. Kwa kuwa upo kwenye ikweta, nyuso zake hupokezana kiangazi. Za kaskazini huwa kavu kuanzia kama Juni hadi Septemba au Oktoba, za kusini kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi. Nimewahi kumsikia mtu akisema "Agosti ni msimu wa Mlima Kenya". Wa upande gani, ndugu yangu? Mwezi mmoja, mlima mmoja, upande huu unapanda mwamba uliopashwa jua na upande wa pili nyufa zimejaa theluji.

Na bolti, zile skrubu za chuma zilizopachikwa mwambani, zina umri. Kwenye miamba ya chokaa iliyo karibu na bahari, kama Railay kule Thailand, hata chuma cha pua kilioza kwa namna isiyoonekana kwa macho, ikabidi kuanza kufunga za titani. Kitabu kikisema "imefungwa bolti vizuri", mwaka wake ndio utakaokwambia kama maneno hayo bado yana uzito.

Lakini msitupe kitabu cha zamani! Mara nyingi maelezo yake kwa maneno yanashinda picha za leo. Picha ya topo iliyopigwa kutoka chini huifupisha sehemu ya juu, kiasi kwamba pichi mbili za mwisho zinaonekana kama kidole gumba. Mwandishi aliyelazimika kueleza kwa sentensi, "fuata kona hadi kwenye paa dogo, vuka kulia chini yake", alilazimika pia kukumbuka.

3. Vyanzo vitatu vinaweza kuwa kimoja. Tovuti za wapandaji kama Mountain Project, theCrag na UKClimbing, zote nazitumia na zote nazipenda. Ila mara nyingi mtu mmoja aliandika kutoka kitabuni, wa pili akanakili kwake, wa tatu akatafsiri, na wewe unasema "nimehakikisha mara tatu". Tafuta makosa yanayofanana. Ukikuta urefu ule ule wa ajabu wa pichi ya tatu kila mahali, jua wote wamekunywa kisima kimoja. Shahidi wa kweli huwa na kitu ambacho mwenzake hana: jiwe linalocheza, nanga iliyohamishwa, kamu gani, kile kifaa kinachotanuka ufani, ilimtosha pale pagumu.

Maoni soma kuanzia la karibuni zaidi. Anayesema "rahisi sana" mtazame amepanda nini kingine kabla hujamwamini. Nyota zinakwambia wengi walifurahi; hazikwambii kama kuna bolti kabla ya sehemu ngumu.

4. Gredi. Jamani, gredi. Tumeyasema haya mara ngapi? 6a ya Kifaransa ni kama 5.10a ya Marekani na VI+ ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapandaji, kwa makadirio tu, na jedwali la kulinganisha si sheria. 6A ya Fontainebleau, msitu wa Ufaransa, kwa herufi kubwa, ni ya majabali mafupi yanayopandwa bila kamba na ni ngumu kuliko 6a ya kamba kwa mbali. Kuna mmoja wenu, simtaji, alichanganya herufi hizo, akatumia mchana mzima kwenye hatua mbili za kwanza za jabali akidhani anaugua.

Kingine ambacho vijana mnaopanda kuta za ukumbini hamkijui: mfumo wa desimali wa Marekani, ule wa namba za 5, uliokuzwa Tahquitz, California, miaka ya 1950 uliishia 5.9 mwanzoni. Hapakuwa na pa kwenda juu ya hapo, na kwa muda kila kilichokuwa kigumu sana kilisukumwa humo. Kwa hiyo 5.9 ya enzi hizo iogopeni kuliko 5.10a ya juzi. Gredi ya Kifaransa pia haisemi lolote kuhusu hatari. Marekani huongeza R au X pale kinga ya kumzuia anayeanguka ilipo haba au haipo, na Uingereza ina gredi nzima ya kueleza ukali wa jumla, kwa hiyo E1 5b inakuambia mambo mawili kwa pamoja: ukali wa jumla, na ugumu wa hatua ngumu kuliko zote. Herufi R si pambo. Nimemwona mtu akiisoma kama sehemu ya jina la njia.

5. Waulize waliopanda, ila uliza swali lenye jibu. "Ni ngumu?" halina jibu. Uliza: mlishuka kwa kamba ya urefu gani? Nanga ya pichi ya nne ni bolti au unajenga mwenyewe? Mlipotea wapi? Hilo la mwisho ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu kila mtu alipotea mahali fulani, na ukimuuliza kwa adabu atafurahi kukusimulia, na pale alipopotea yeye ndipo utakapopotea na wewe. Aliyefungua njia mtafuteni kama mnaweza, lakini mjue kwamba yeye ndiye shahidi mbaya kuliko wote kuhusu ugumu. Ameipanda mara nyingi, ameisafisha kwa brashi, anakijua kila kishikio. Kwake ni rahisi siku zote.

6. Kufungwa kwa eneo hakusubiri toleo jipya la kitabu. Kozi, wale ndege wawindaji, wakitaga, kuta hufungwa kwa msimu, na tarehe hutangazwa na wanaolisimamia eneo. Zitafute kwao wiki ile ile unayokwenda. Pengine ni ombi tu. Devils Tower, mnara wa mwamba huko Wyoming, Marekani, tangu 1995, wapandaji huombwa wasipande mwezi wa Juni kwa heshima ya Wahindi Wekundu ambao mnara ule ni mtakatifu kwao. Hakuna atakayekukamata. Usipande.

7. Pakua kila kitu kabla ya kutoka, mtandao haupandi mlima. Chapa karatasi moja uweke mfukoni, simu hufa kwa baridi. Nunueni kitabu badala ya kupitishiana picha, hasa pale mauzo yanaporudi kununua bolti.

8. Ukishuka salama, andika. Hapa ndipo mnaponiudhi kuliko skrinishoti. Mnakula habari za watu mwaka mzima na hamrudishi hata punje. Kitabu kimekosea? Mwandikie mwandishi; wengi hujibu, na baadhi huweka marekebisho hadharani kabla ya toleo linalofuata. Taja tarehe, urefu wa kamba, mlianzia wapi hasa, nanga mliikuta katika hali gani, kama mlitoka nje ya njia basi ni baada ya nini. Kama huna hakika kwamba mlipanda njia hiyo kweli, sema huna hakika. Na tafadhali msiandike "njia nzuri sana, mandhari ya kuvutia, tutarudi". Za namna hiyo tunazo za kutosha, na nyingi zimeandikwa chini ya njia ambayo mwenyewe hakuipanda.