Dini ibaki mlangoni? Maswali yenu ya wiki hii

Nilienda kikao cha leseni ya baa nikasema pombe haramu, mwenyekiti akanambia "leta hoja, dini uwache msikitini." Alikuwa sawa? (Langoni, Lamu)

Nusu tu. Jirani asiye Muislamu ukimwambia haramu hana pa kuishika, kwa hiyo mwambie pia zile kelele za saa nane usiku na walevi kuyumba kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye mzigo hawapishani. Hata John Rawls wa Marekani, ambaye ndo wasomi humtaja sana kwa mambo haya, alikubali hoja ya dini iingie mradi baadaye uje na sababu ambayo na mwenzio anaielewa.

Lakini mwenyekiti naye asijifanye hana imani. Muulize kwa nini tajiri na muuza mahamri kila mmoja ana kura moja. Atakwambia utu. Haya, huo utu ulipimwa kwa mizani ipi? Hapo ataanza kukohoa. Walipokuwa wanaandaa lile Azimio la Haki za Binadamu la 1948, mwanafalsafa Mfaransa Jacques Maritain alisimulia kwamba watu wa itikadi zinazogombana walikubaliana kuhusu haki zenyewe, ila kwa sharti asiulize mtu kwa nini! Yaani imani wote wanayo, wao wameikunja mfukoni, wewe yako umeivaa kichwani kama kofia ya vito basi ndo unasimamishwa mlangoni.

Si bora tuwe kama Ufaransa, dini isionekane serikalini kabisa? (Malindi)

Wale walitenganisha kanisa na dola 1905, baada ya ugomvi mrefu na mapadre wao, ugomvi ambao sisi hatukuwa nao. 2004 wakakataza mitandio kwenye shule za serikali. Mimi hapo sioni katikati, naona upande. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya serikali, lakini utangulizi wake unamtaja Mwenyezi Mungu na wimbo wa taifa ni dua tupu, na watu wanaimba wamesimama wima bila kugombana.

Basi si kadhi aamue yote tupumzike? (Shela)

Taratibu bwana. Kifungu cha 170 kinampa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda kwake. Baa haimo. Rudi kikaoni.