Jibu: Kwa nini Waingereza wengi hawakupiga kura mwaka 2024, na niliyoyaona kituoni Leicester

Mleta mada ameuliza maswali mawili. La kwanza, iweje katika nchi ambayo hakuna anayelalamika kwamba kura zimeibwa, watu wanne katika kila kumi walioandikishwa wasijitokeze katika uchaguzi mkuu wa Julai 4, 2024. La pili, kama ni kweli kwamba Mtanzania anayeishi Uingereza anaruhusiwa kuwapigia kura wabunge wao. La kwanza nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa karani wa kituo katika jimbo la Leicester East, na wiki sita za kampeni nilizipitia nikifanya kazi yangu ya kila siku ya kuhudumia wazee majumbani mwao.

Waliojitokeza walikuwa asilimia 59.7, kiwango cha chini kuliko vyote tangu uchaguzi wa 2001. Wachangiaji waliotangulia wamesema watu walichoshwa na sera. Sikubaliani nao sana. Nilikuwa naingia nyumba saba au nane kwa siku, televisheni imewashwa tangu asubuhi, na sikumbuki mzee hata mmoja aliyenizungumzia sera. Nililolisikia, katika nyumba za Wazungu na za Wahindi vilevile, ni neno moja tu: wote ni walewale.

Kilichoipa kauli hiyo nguvu ni mkeka, yaani kubeti. Mei 22 Rishi Sunak, Waziri Mkuu wakati huo, alisimama mvuani nje ya ofisi yake, suti imelowa, akatangaza uchaguzi wa Julai wakati wengi walikuwa wanautarajia majira ya vuli. Baadaye ikafahamika kwamba siku tatu kabla ya tangazo hilo Craig Williams, mbunge aliyekuwa msaidizi wake bungeni, alikuwa amebeti pauni 100 kwamba uchaguzi utakuwa Julai. Mwenyewe alikiri kuweka dau hilo na kuomba radhi. Kisha yakatajwa majina ya wengine ndani ya chama chao cha Conservative, kilichokuwa madarakani, na hata askari wa ulinzi wa viongozi wakaingia katika uchunguzi. Labour, chama kikuu cha upinzani wakati huo, nao hawakusalimika: mgombea wao mmoja huko Suffolk alisimamishwa na chama baada ya kujulikana kwamba alibeti kuwa yeye mwenyewe atashindwa. Aprili 2025 tume inayosimamia michezo ya kubahatisha iliwafungulia mashtaka watu 15, na mashtaka si hukumu, kwa hiyo mimi simhukumu mtu hapa.

Kwa wasioijua nchi hii, kubeti matokeo ya uchaguzi ni halali kabisa, na maduka ya kubeti yapo kila mtaa. Kosa ni kutumia siri uliyoipata kazini, jambo ambalo sheria ya mwaka 2005 inaweza kulihesabu kuwa ni udanganyifu. Lakini waliokasirika hawakuwa na habari na sheria. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, aliyefanya kazi miaka mingi katika viwanda vya soksi hapa mjini, aliniambia kwamba wangeiba mamilioni angewaelewa zaidi, kwa kuwa mwizi wa mamilioni ana tamaa, na tamaa ni ugonjwa anaoufahamu. Ila mtu mwenye mshahara wa mbunge kukimbilia pauni mia chache kwa habari ambayo wananchi wenyewe hawajapewa, huyo anawaona wananchi kama mchezo. Mzee huyo hakupiga kura. Alikuwa amepiga katika kila uchaguzi tangu alipokuwa kijana.

Nadhani hasira ile ilikuwa na mizizi ya zamani zaidi. Sisi tuliofanya kazi ya uhudumu wakati wa korona tuliwaona watu wakizika wenzi wao kwa waombolezaji wachache waliokaa mbalimbali, na ikaja kubainika kwamba katika ofisi za serikali, pamoja na makazi ya Waziri Mkuu, watu walikuwa wakikusanyika na kunywa mvinyo. Polisi wa London walitoa faini 126, na Aprili 2022 Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu, pamoja na Sunak, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, walikuwa miongoni mwa waliotozwa. Mtu aliyeagana na mumewe kupitia kioo cha dirisha hawezi kulisahau hilo kwa sababu tu kiongozi mpya ameleta ilani mpya. Kisha katika mdahalo wa televisheni wa Juni 4, Sunak akarudia mara nyingi kwamba Labour wataongeza kodi kwa pauni 2,000 kwa kila kaya, akidai hesabu hiyo ilifanywa na watumishi wa umma wasio na upande. Kumbe mtumishi mkuu wa Hazina alikuwa ameshaandika barua kwamba hesabu hiyo isihusishwe na watumishi wake, na isitoshe, fedha hizo zilikuwa za miaka minne kwa jumla, wala si za mwaka mmoja kama msikilizaji angedhani.

Hayo ni ya kitaifa. Jimboni kwetu tulikuwa na mzigo wetu wenyewe, na kwa maoni yangu ndio unaoeleza vizuri zaidi kwa nini mtu anakata tamaa. Keith Vaz aliiwakilisha Leicester East kuanzia 1987. Oktoba 2019 kamati ya maadili ya Bunge ilimkuta amevunja kanuni na ikapendekeza asimamishwe miezi sita, Bunge likakubali. Adhabu ya uzito huo ingewapa wapiga kura nafasi ya kutia saini ombi la kumwondoa, ambapo sahihi za asilimia kumi ya wapiga kura zinatosha kukilazimisha kiti kigombewe upya. Lakini Bunge likavunjwa siku chache baadaye, na yeye akatangaza hagombei. Akaja Claudia Webbe, naye kwa tiketi ya Labour. Oktoba 2021 mahakama ikamtia hatiani kwa kumsumbua mwanamke mmoja, chama kikamfukuza, na adhabu ya kwanza ilikuwa kifungo kilichoahirishwa. Hiyo nayo ingefungua njia ya ombi la kumwondoa. Alipokata rufaa, hatia ikabaki ila adhabu ikapunguzwa kuwa saa 80 za kazi za jamii, na njia ikafungwa. Akakaa bungeni bila chama hadi 2024. Mara mbili mfululizo watu wa jimbo moja walikaribia kupata silaha mkononi, na mara mbili ikawaponyoka. Sheria ilifuatwa neno kwa neno, nakiri. Lakini nenda kamweleze hivyo mtu wa Belgrave, mtaa wa jimboni kwetu.

Sasa fikirini karatasi yetu ya kura ya Julai 4. Majina yote mawili yalikuwamo: Webbe kama mgombea binafsi, Vaz kwa chama kidogo cha One Leicester. Adhuhuri akaingia bibi mmoja wa Kigujarati, amezaliwa Jinja, Uganda, mmoja wa maelfu waliofika mji huu baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Alipoliona jina langu kwenye beji akanisalimu kwa Kiswahili cha dukani, kile chenye lafudhi tunayoijua wote. Nikamwamkia shikamoo. Akaitazama karatasi, akauliza kwa sauti iliyosikika kituo kizima, "Kijana, hawa wa zamani wamo tena?" Kanuni za kazi ya karani haziniruhusu kumzungumzia mgombea yeyote, kwa hiyo nikamwonyesha tangazo la majina lililobandikwa ukutani. Akacheka sana, akaingia kwenye kituturi na penseli yake. Ndiyo, huku wanapiga kura kwa penseli, hakuna wino kidoleni, na huo ndio ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza ambao wapiga kura wa England, Scotland na Wales walitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha.

Matokeo yake, Conservative walilichukua jimbo kwa tofauti ya kura 4,426, ilhali Webbe na Vaz kwa pamoja walipata zaidi ya 9,000. Ndilo jimbo pekee nchini ambalo Conservative walilinyang'anya Labour katika mwaka ambao wao wenyewe waliporomoka hadi viti 121. Kitaifa Labour walipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650, maana kila jimbo humchukua mwenye kura nyingi tu, hata zisipofika nusu. Mtu anayeishi katika jimbo ambalo mshindi wake anajulikana miezi sita kabla hana sababu kubwa ya kutoka nyumbani, na hilo nalo lichukueni kama sehemu ya jibu.

Saa nne usiku tulipofunga mlango, mimi ndiye niliyelipanga daftari, ambalo kila aliyepiga kura jina lake linapigwa mstari. Kurasa kadhaa zilikuwa na nyumba nzima za watu watano au sita bila mstari hata mmoja. Watu hao hawakuzuiwa na mtu. Suala la vitambulisho limekuzwa humu kuliko lilivyo: makadirio ya Tume ya Uchaguzi ni watu wapatao 16,000 nchi nzima waliorudishwa vituoni na hawakurejea. Ni kosa dhidi ya hao 16,000, lakini hao hawawezi kuwa sababu ya mamilioni kutoonekana.

Swali la pili ni jepesi. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi huku kwa kibali halali anaweza kujiandikisha na kuchagua mbunge, akiwa na umri wa miaka 18. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo mpaka wapate uraia. Jiandikishe mtandaoni kabla ya siku ya mwisho, ambayo ni siku 12 za kazi kabla ya kura, na siku yenyewe pasipoti yako ya Tanzania inatosha. Hata ikiwa imekwisha muda inakubalika, mradi sura iliyo kwenye picha bado ni yako.