Waya wa nusu bei: nitajuaje kama ni shaba?

Swali: Fundi, habari za kazi. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Bweyale, Uganda, na wiki ijayo tunapiga plasta. Rola ya waya wa 2.5, mita 100, duka moja wanataka shilingi 190,000 na duka la pili 95,000. Zote zimeandikwa ni shaba. Fundi wangu anasema tofauti ni jina la kampuni tu. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza wakati mzuri, kuta zikiwa bado wazi.

Shaba ina bei ya soko la dunia, na katika waya kama huu ndiyo inayokula sehemu kubwa ya gharama. Mwenye duka anaweza kujipunguzia faida, lakini hawezi kuikata bei ya shaba nusu. Basi kwenye hiyo ya 95,000 kuna kitu kimepunguzwa: ama ni alumini iliyopakwa shaba juu, ama waya ni mwembamba kuliko maandishi yake, ama mita hazifiki 100. Lakini usiikimbilie ya 190,000 kwa macho yaliyofumbwa. Waya bandia huuzwa pia kwa bei ya waya halisi. Bei ikishuka hivyo inakuonya. Ikiwa juu haikuhakikishii chochote.

Kwa hiyo pima. Duka linalouza misumari kwa kilo lina mizani, omba rola iwekwe juu yake. Mita 100 za waya mmoja wa 2.5 zina shaba ya kilo 2 na robo hivi, na pamoja na plastiki yake rola hufika kilo 3 na kidogo. Ya alumini iliyopakwa shaba haifiki kilo 2. Kisha omba ncha, umenye plastiki, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, rudisha. Mwenye kipimo cha vernia apime unene pia: 2.5 ni eneo la mkato wa waya kwa milimita za mraba, siyo unene, na waya mmoja mzima wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78. Usiamini mizani peke yake, maana wengine hunenepesha plastiki ili rola ionekane nzito. Tafuta pia alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ila alama nayo huigwa, usiishie hapo. Muuzaji akikataa kupima, nenda kwingine.

Kwa nini nakazana hivi? Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo friji ilikuwa ikizimika na kuwaka yenyewe. Nilipofungua soketi, tundu moja lilikuwa limeungua jeusi, na plastiki ya waya imekakamaa, inavunjika kidoleni kama ganda la karanga. Skrubu ilikuwa imelegea. Nikakwangua waya: mweupe. Alumini ikibanwa na skrubu hubonyea taratibu na kusogea, tena hufanya kutu inayozuia umeme, na kiungo kinapata moto. Breka haikuruka hata mara moja, kwa sababu breka inalinda dhidi ya umeme mwingi kupita kiasi. Umeme wa friji ulikuwa wa kawaida tu. Moto ulikuwa kwenye kiungo. Wenye nyumba walikuwa wakilala chumba cha pili. Hata ndani ya ukuta, mbali na viungo, waya kama huo una ukinzani, yaani unazuia umeme, mara moja na nusu hivi ya shaba, kwa hiyo birika au pasi ileile inaupasha joto zaidi kwa kiwango hicho.

Kama hela ni kidogo, punguza mahali pengine. Balbu na vifuniko vya swichi unaweza kubadilisha mwakani bila kuita mtu. Waya ukishafunikwa na plasta, kuubadilisha huenda ni kuchimba ukuta. Mimi ningeweka mabomba ya plastiki ya kupitishia waya kuta zote sasa, maana hayana bei kubwa, nikavuta waya wa shaba sebuleni na chumba kimoja, vingine nikavuta hela ikipatikana. Taa tumia waya wa 1.5, fundi asikuuzie wazo la kuuvuta huohuo mpaka kwenye soketi.

Risiti iandikwe "waya wa shaba tupu, 2.5, mita 100", siyo "waya" tu, ili uwe na la kurudi nalo dukani. Na huyo fundi anayesema tofauti ni jina, muombe akuonyeshe kibali chake cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, kabla hajavuta mita ya kwanza.