Wasomaji Wanauliza: Dawa ya Kuzuia Damu, Uji wa Moto na Vyuma vya Mguuni

Maswali mengi ya mwezi huu yanahusu ajali. Tumejibu kwa kufuata yale yaliyokwisha kupimwa kwa wagonjwa, hata pale kipimo kilipokataa mazoea.

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kilicho kilomita 90 kutoka hospitali ya rufaa. Traneksamiki tunayo kwa ajili ya akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Niwape na majeruhi wa pikipiki? Na aliyeumia kichwa, niendelee kumpa deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, kama tulivyozoea?

JIBU: Traneksamiki mpe, ila tazama saa kwanza, kabati baadaye. Utafiti wa CRASH-2, uliotolewa mwaka 2010, uligawa kwa kura majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40. Waliopata dawa walikufa asilimia 14.5, wasiopata asilimia 16.0. Tofauti hiyo unaweza kuiona ndogo mpaka uitazame kwa muda. Kwa waliodungwa ndani ya saa 1 tangu kuumia, vifo vya kuvuja damu vilikuwa asilimia 5.3 dhidi ya 7.7. Kati ya saa 1 na 3 faida ilikuwepo bado, 4.8 dhidi ya 6.1. Baada ya saa 3 mambo yakageuka: waliopata dawa ndio waliokufa zaidi, 4.4 dhidi ya 3.1.

Kwa hiyo usimwandike hata jina kabla hujajua aliumia saa ngapi. Wasindikizaji watakwambia "sasa hivi tu". Uliza kwa alama: ilikuwa kabla ya adhana ya magharibi au baada? Shule zilikuwa zimefunga? Saa 3 zikishapita, usimpe.

Mtu mzima hupata gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Ampuli nyingi zina miligramu 500 ndani ya mililita 5, basi chukua 2, tia kwenye chupa ya mililita 100 ya maji ya chumvi. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita hayo ni matone 200 kwa dakika, ambayo hakuna jicho linaloyahesabu. Fuata saa na kiwango cha chupa. Huna chupa ndogo? Sukuma kwa bomba mililita 1 kila dakika. Ukiharakisha, presha inashuka, na mtu aliyepungukiwa damu hana presha ya kupoteza. Dozi ya pili ukiiweka kwenye mililita 500, ni matone 21 kwa dakika, na inaweza kuendelea kudondoka ndani ya gari la wagonjwa. Usiipitishe kwenye mpira mmoja na damu. Na usisubiri dozi ya pili iishe ndipo utoe rufaa.

Dawa hii haizibi mshipa uliokatika. Inachofanya ni kuzuia mwili usiyeyushe damu iliyokwisha kuganda. Kidonda kinachochuruzika kikandamizwe kwanza, na nyonga unayohisi imevunjika ikazwe kwa shuka, usawa wa pale paja linapoungana na nyonga. Wengi hukaza juu kiunoni, na huko hakusaidii.

Deksamethasoni iache. Steroidi zilitolewa kwa walioumia kichwa kwa miaka 30 kwa hoja iliyosikika vizuri: ubongo umevimba, steroidi hupunguza uvimbe. Utafiti wa kwanza wa CRASH ulisimamishwa mwaka 2004 kabla haujakamilika, ulipofikisha watu 10,008, kwa sababu ndani ya wiki 2 walikuwa wamekufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Iliyopimwa ni methiliprednisoloni, lakini ni ndugu wa deksamethasoni, na sisi hatuoni sababu ya kumfanyia mgonjwa wako bahati nasibu. Traneksamiki, kwa upande wake, ilipimwa tena katika CRASH-3 (2019) kwa zaidi ya watu 12,700 wenye majeraha ya kichwa. Haikuwabadilishia hali walioumia vibaya sana. Waliofaidika ni wenye majeraha madogo na ya kati. Yule anayezungumza lakini amechanganyikiwa, ambaye kwenye foleni huachwa nyuma, ndiye wa kuwahi.

SWALI: Mwanangu wa miaka 3 alimwagikiwa uji mkononi na kifuani. Mama mkwe alisema nipake asali, jirani akaleta dawa ya meno, duka la dawa wakaniuzia krimu nyeupe. Nani alikuwa sahihi?

JIBU: Mama, wote watatu walipaswa kusubiri dakika 20. Muda huo ni wa maji ya kawaida ya baridi, yanayotiririka, na yanasaidia hata yakichelewa, mradi saa 3 hazijapita tangu aungue. Kama hakuna bomba, ndoo ya lita 20 inatosha kabisa: kikombe cha nusu lita, taratibu, kila nusu dakika. Barafu hapana, inaongeza jeraha. Vua nguo, bangili na uzi wa mkononi kabla mkono haujavimba, ila nguo iliyonata usiivute. Sehemu ambayo haikuungua ifunike kwa kanga kavu. Mtoto mdogo hupoa haraka mno, na wazazi wengi hapo ndipo wanapojisahau. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi na uende hospitali.

Dawa ya meno hufunga joto ndani na kuchoma ngozi. Krimu nyeupe ya salfadiazini, ambayo imezoeleka mno, ilipolinganishwa na namna nyingine za kufunga kidonda mara nyingi ilichelewesha kupona. Tena inakifunika kidonda kiasi kwamba daktari hawezi kukadiria kina chake. Mama mkwe hakukosea kabisa: mapitio ya tafiti yanaonyesha vidonda vya moto visivyo na kina kirefu vikifungwa kwa asali hupona siku 4 hadi 5 mapema kuliko kwa bandeji za kawaida. Lakini ni asali iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali, tena baada ya maji, si ile ya chupa ya jikoni.

Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni asilimia 1 hivi ya mwili wake. Vikifika viganja 10 anahitaji maji ya mshipani. Uso, mikono, viungo na sehemu za siri haviulizi ukubwa: nenda.

SWALI: Mdogo wangu aligongwa na gari, mfupa wa ugoko ukatokeza nje. Amewekewa vyuma vya nje. Wa kitanda jirani amewekewa chuma ndani ya mfupa, na watu wanasema vya nje ni tiba ya maskini. Amepunjwa?

JIBU: Swali lako limejibiwa Dar es Salaam penyewe. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iligawa kwa kura wagonjwa 240 wa aina hii, waliokuwa na vidonda vinavyoweza kushonwa mara moja. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Baada ya mwaka 1, waliokufa au kurudi chumba cha upasuaji kwa usaha wa ndani, mfupa kutounga au kuunga upande walikuwa asilimia 18.0 kwa chuma cha ndani na 21.8 kwa vyuma vya nje, tofauti ambayo inaweza kuwa bahati tu. Wa chuma cha ndani walijisikia nafuu zaidi wiki za mwanzo, na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi. Basi hakupunjwa, ingawa mwenzake atakuwa na miezi ya kwanza myepesi.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni saa za mwanzo: alipata antibayotiki mapema, na kidonda kilioshwa vizuri? Kuosha ni kwa maji ya chumvi. Utafiti wa FLOW (2015), wa watu 2,447, ulikuta waliooshwa kwa sabuni walirudi kupasuliwa zaidi, asilimia 14.8 dhidi ya 11.6, na kwamba maji ya kasi kubwa hayakuwa na faida juu ya yale ya kumimina. Nyumbani, angalia matundu ya vyuma kila siku. Usaha, chuma kinachocheza au homa ni vya kurudisha hospitali siku hiyohiyo. Asikaze nati mwenyewe.

SWALI: Abiria wangu wa bodaboda wanakataa helmeti, eti inavunja shingo.

JIBU: Mapitio ya tafiti 61 yalikuta helmeti inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Uthibitisho wa kuvunja shingo hayakuupata. Tatizo halisi ni mkanda: helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Ifungwe mpaka vidole 2 tu vipite chini ya kidevu. Na iliyokwisha kupigwa chini kwa nguvu itupwe, kwani povu gumu la ndani hubonyea mara moja tu hata ganda likibaki linang'aa. Abiria anayeogopa chawa mpe kitambaa chepesi cha kuvaa chini yake.

SWALI: Stika za kwenye matatu zinazotuambia tumkemee dereva zina maana yoyote?

JIBU: Zina maana. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walizipima Kenya kwa kugawa matatu kwa kura. Katika jaribio la kwanza madai ya bima kwa ajili ya ajali yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Katika la pili, kubwa zaidi, lililotolewa mwaka 2015, kwa robo hadi theluthi. Ila stika hubanduliwa, kwa hiyo watafiti waliweka bahati nasibu ya kila wiki kwa madereva waliokutwa nazo zote mahali pake.