Chanjo ya pili ya surua: hujachelewa

Dada mjamzito wa Kongwa, umeuliza kama mwanao wa miaka miwili aliyekosa chanjo ya surua-rubella ya miezi 18 amechelewa. Hapana, bado anachomwa. Haanzi upya, ile ya miezi 9 inahesabika. Beba kadi ya kliniki. Dozi hii wengi huiruka: mtoto ameshatembea, msimu wa kulima umeanza, kupima uzito ndiyo basi tena. Ila dozi moja haiwakingi watoto wote.

Na huyo binti wa miaka 11 uliyemtaja? Chanjo ya HPV, ya saratani ya mlango wa kizazi, tangu 2024 ni dozi moja tu, miaka 9 hadi 14. Wewe na mimba yako, ulizia ya pepopunda. Zote bure, zahanati ya serikali.