Kazi zilizopotea vyumba vya habari ndizo zilizokuwa zikilinda mjadala

Ndugu mleta mada ameuliza iwapo uzushi uliojaa kwenye mijadala ya umma na kupotea kwa kazi kunakoletwa na teknolojia ni mambo mawili tofauti. Kwa niliyoyaona katika miaka 19 ya kusahihisha na kuhariri gazeti, ni jambo moja.

Nilipoanza, kila ukurasa ulichapwa kwanza kwenye karatasi ya majaribio, na wasahihishaji sita tukaugawana: mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuatisha kwa kalamu nyekundu. Usiku mmoja nilikutana na habari ya mahakamani iliyomwita mtu mshtakiwa katika aya ya pili, kisha aya ya saba ikamtaja akitoa ushahidi upande wa mashtaka. Nikampigia simu mwandishi, akaamka usingizini, akafungua daftari lake na kunisomea: mtu yule alikuwa shahidi. Neno moja likabadilishwa na ukurasa ukachelewa dakika 12. Hakuna msomaji aliyejua, wala shahidi mwenyewe hakujua jinsi alivyonusurika.

Silaumu kila chombo kipya. Mwaka 1986 magazeti ya Rupert Murdoch yalipohamia Wapping, London, ambako waandishi waliingiza habari zao moja kwa moja kwenye kompyuta, zaidi ya wafanyakazi 5,000 waliokuwa wamegoma walipoteza kazi, wengi wao wa upande wa uchapaji. Ulikuwa ukatili mkubwa kwa familia zile, lakini magazeti yalibaki na fedha za kuwalipa wahariri. Kilichotumaliza sisi kilikuwa kuhama kwa matangazo. Craigslist, huduma ya matangazo madogo ya mtandaoni, ilipoanza San Francisco mwaka 1995, na nyingine za aina yake zikafuata, matangazo madogo ya nyumba, magari na nafasi za kazi yalipata mahali pa kuwekwa bure. Baadaye injini za utafutaji na mitandao ya kijamii zikachukua sehemu kubwa ya yale makubwa. Msomaji aliamini kwamba bei ya gazeti ndiyo inayolipia habari, kumbe mshahara wangu kwa sehemu kubwa ulitoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta mpangaji.

Dawati letu likapunguzwa hadi watu wawili, na ukutani kikawekwa kioo kikubwa kilichoonyesha idadi ya wasomaji wa kila habari, dakika kwa dakika. Niliona habari ya mikataba ya vibarua, iliyomgharimu mwenzetu wiki tatu, ikishushwa chini ya ukurasa baada ya dakika 40 kwa sababu idadi ya wasomaji wake haikupanda, na mahali pake pakawekwa majibizano ya wanasiasa wawili. Hakuna aliyemkataza kuandika habari nyingine kama ile. Aliacha mwenyewe, na mwezi uliofuata naye akawa anaandika majibizano. Wanaodhani kwamba mjadala huharibiwa kwa amri ya mtu fulani wangekaa chini ya kioo kile kwa juma moja.

Kisha kuna suala la kasi. Mwaka 2009 Twitter iliweka kitufe cha kusambaza maneno ya mwingine kwa mguso mmoja, na muda ambao zamani ulitosha kujiuliza "hili ni kweli?" ukafutika. Mwaka 2019 WhatsApp ilipoweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, niliona kana kwamba wanajaribu kuzirudisha zile dakika 12, ila bila mtu wa kuzitumia.

Mtu huyo sasa anaitwa mkaguzi wa maudhui, yaani anayepitia machapisho ya mitandao ya kijamii na kuamua lipi liondolewe na lipi liachwe. Dawati letu lilipofungwa, niliifanya kazi hiyo kwa miezi minane kwa mkataba wa muda. Nilipimwa kwa idadi ya machapisho ninayoyamaliza kwa saa, na mengi sikuweza kuyapa zaidi ya nusu dakika. Siku moja likanifikia chapisho lenye picha ya mtu na maneno kwamba ameiba fedha za umma. Nililisoma mara mbili. Halikuwa na tusi wala tishio, kwa hiyo kwa kanuni tulizopewa lilistahili kuachwa. Hapakuwa na mwandishi wa kumpigia simu, wala daftari la kufunguliwa. Nikaliacha, likaja jingine.